RATIBA NGUMU: KWA NINI MASHINDANO YAKIPANUKA WATU HUNUNG'UNIKA

Ijumaa ile ratiba ya mpira ya shule yetu ilipobandikwa katika ubao wa matangazo, kelele zilisikika mpaka jikoni. Mimi ndiye niliyeiandika ratiba hiyo, kwa hiyo kelele zote zilikuwa zangu kwa haki. Kabla ya kengele ya chakula watu walikuwa wamesongamana ubaoni, wengine wakicheka, wengine wameshika vichwa. Mmoja aliandika kwa chaki chini ya Kundi la Pili maneno haya: "Kundi la Kifo." Mpaka leo sijamjua, wala simtafuti.

Habari yenyewe ni hii. Mpaka mwaka jana mashindano yetu yalikuwa ya timu 6, zote za wanafunzi wa bweni. Sasa zimeongezwa timu 2 za wanafunzi wa kutwa: moja ya wale wakaao hapa mjini Kilosa, na moja ya wale watokao vijiji vya njia ya Mikumi. Wenye mabweni walinung'unika kwamba njia ya kufika fainali imekuwa nyembamba. Hao wa kutwa, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiomba kuingizwa, nao walinung'unika walipoona wamepangwa na nani.

Jioni yake nahodha wa timu moja ya kutwa alinijia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za masomo?"

"Nzuri, Mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya ratiba. Tumewekwa pamoja na mabingwa wa mwaka jana. Wenzangu wanasema afadhali tusiingie kabisa kuliko kufungwa 5 mbele ya shule nzima."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia angoje, maana jambo hili si la shule yetu peke yake. Limewapata mashabiki wa Ligi Kuu, wa Simba na Yanga, wa timu yetu ya Taifa, na hata wa vyuo vikuu vya Marekani. Basi makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila aliyesimama mbele ya ubao ule.

HESABU KWANZA

Mwalimu wa hesabu hawezi kuanza pengine. Timu 6 zikicheza kila moja na mwenziwe mara moja, kila timu hucheza michezo 5. Zidisha 6 kwa 5, upate 30. Kisha gawanya kwa 2, kwa kuwa kila mchezo una timu mbili nasi tumeuhesabu mara mbili. Jibu ni michezo 15. Timu zikiwa 8, ni 8 mara 7, gawanya kwa 2: michezo 28. Tazameni basi. Tumeongeza timu 2 tu, na michezo imekaribia kuwa maradufu.

Uwanja wetu ni mmoja. Tunacheza Jumatano na Jumamosi, mchezo mmoja kila siku. Michezo 28 ingetaka wiki 14, yaani karibu muhula mzima, tena pasiwe na siku hata moja ya mvua. Kila mkaaji wa Kilosa ajua kwamba masika haiombi ruhusa ya mwalimu wa michezo. Zaidi ya hayo, wazazi hawakuwaleta watoto wao hapa kwa ajili ya mpira.

Kwa hiyo tulizigawa timu 8 katika makundi 2 ya timu 4. Kila kundi lina michezo 6, jumla 12. Ongeza nusu fainali 2 na fainali 1: michezo 15. Idadi ni ile ile ya mwaka jana! Tena timu itakayotoka katika kundi itakuwa imecheza mara 3 tu, ambapo zamani ingecheza mara 5.

Mtu atauliza, "Kama michezo ya kila timu imepungua, mbona wanafunzi wanasema ratiba imekuwa ngumu? Je, wamekosea?" La, hawakukosea. Katika michezo 5, ukishindwa mmoja unayo 4 ya kutengeneza mambo. Katika michezo 3, ukishindwa mmoja umebakiwa na 2, na wapinzani wako nao wameamka. Kilichoongezeka ni uzito wa kila mchezo. Ratiba basi yaweza kuwa ngumu kwa njia mbili: kwa wingi, au kwa uzito. Nchi yetu imezionja zote mbili.

UGUMU WA WINGI: LIGI KUU YA TIMU 20

Katika Ligi Kuu kila timu hukutana na mwenziwe mara mbili, nyumbani na ugenini, kwa hiyo hapo hatugawanyi kwa 2. Msimu wa 2017/18 timu zilikuwa 16: kila moja ilicheza michezo 30, na jumla ilikuwa 240. Msimu wa 2018/19 timu ziliongezwa zikawa 20. Kila moja ilicheza michezo 38, na jumla ikapanda mpaka 380. Timu 4 tu zimeleta michezo 140!

Mashabiki walilipokeaje jambo hili? Ilitegemea mtu anaishi wapi. Wa Musoma walifurahi, maana Biashara United ilikuwa imepanda, na sasa Simba na Yanga zingewajia mkoani mwao. Mtu aliyezoea kuzisikia timu hizo katika redio angeziona kwa macho yake. Furaha hiyo si ndogo, nasi tusiidharau.

Lakini wenye kuendesha timu walikuwa na hesabu nyingine. Tanzania ni nchi pana. Ndanda ilikuwa Mtwara, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kagera Sugar ilikuwa Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Mbeya City na Prisons zilikuwa Mbeya. Timu zisizo na fedha za ndege husafiri kwa basi. Sisi wa wilaya hii twalijua jambo hilo kuliko wengi, kwa sababu barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya yapita Mikumi. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Basi la wachezaji likifika ndani ya Hifadhi ya Mikumi hupunguza mwendo kama mabasi mengine, kwa ajili ya matuta na wanyama, na mle ndani wachezaji wamekunja magoti tangu alfajiri. Kesho yake wanatakiwa kukimbia dakika 90.

Tena msimu ule wa 2018/19 ligi ilianza bila mdhamini mkuu. Safari ziliongezeka wakati mfuko umepungua. Ndiyo maana malalamiko ya vilabu vidogo yalikuwa ya nauli na chakula na mahali pa kulala, kabla hayajawa ya mpira.

KIPORO

Msimu huo pia neno moja la jikoni lilipata kazi kubwa uwanjani, nalo ni "kiporo". Kila mtoto ajua kiporo ni chakula cha jana kilicholala. Katika mpira, kiporo ni mchezo ulioahirishwa ukawekwa wa kuliwa baadaye. Simba walikuwa katika mashindano ya Afrika, kwa hiyo michezo yao mingi ya ligi iliahirishwa. Siku zikapita, Yanga wakawa juu ya msimamo wakiwa wamecheza michezo mingi zaidi, na Simba wako chini yao na chungu kizima cha viporo.

Hapo mashabiki wakagawanyika. Wa Yanga walisema si haki mtu kucheza huku akijua wenzake wamepata nini. Wa Simba walijibu kwamba viporo si upendeleo, bali ni mzigo, maana wachezaji wao watalazimika kuvila kwa mfululizo bila kupumua. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Mwishowe Simba ndio waliotwaa ubingwa.

Hapa yafaa mwanafunzi ajifunze kusoma msimamo. Chukua mfano wa kubuni. Timu ya kwanza ina pointi 50 kwa michezo 20. Ya pili ina pointi 44 kwa michezo 16. Nani yuko mbele? Anayetazama pointi tu atasema ya kwanza. Sasa hesabu pointi zilizopotea. Michezo 20 ina pointi 60, kwa hiyo ya kwanza imepoteza 10. Michezo 16 ina pointi 48, kwa hiyo ya pili imepoteza 4 tu. Ya pili ndiyo iliyo katika hali njema, ila sharti ivile viporo vyake na kuvimaliza. Pointi ambayo haijachezewa bado si mali ya mtu.

Upanuzi ule haukudumu. Ligi ilipunguzwa ikawa ya timu 18 msimu wa 2020/21, yaani michezo 34 kwa kila timu, na msimu wa 2021/22 ikarudi kwenye timu 16. Na katika kupunguza pia watu waliumia, maana ili mlango uwe mwembamba sharti timu nyingi zishuke kuliko zinazopanda. Wale waliolalamika kwamba ligi ni ndefu walilalamika tena timu zao ziliposhuka. Binadamu ndivyo tulivyo.

Wala tusidhani ligi fupi ni nyepesi. Majirani zetu Mtibwa Sugar, wa kule Turiani katika mkoa wetu huu wa Morogoro, walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1999 na mwaka 2000. Katika ligi ile ya timu 20 walisimama imara. Walishuka mwaka 2024, ligi ikiwa ya timu 16. Hawakuvunja timu yao. Walicheza daraja la chini msimu mmoja, na mwaka 2025 wakapanda tena.

UGUMU WA UZITO: KUKUTANA NA WAKUBWA

Sasa tuutazame ugumu wa namna ya pili, ambao ndio unaomtia hofu nahodha wetu.

Kwa miaka mingi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa ya timu 8 tu. Simba waliingia humo mwaka 2003, kisha miaka ikapita na mlango umefungwa. Mwaka 2017 hatua hiyo ikapanuliwa kuwa ya timu 16, makundi 4 ya timu 4. Nafasi ziliongezeka maradufu. Msimu wa 2018/19 Simba wakaitoa Nkana ya Zambia na kuingia.

Mlango mpana, lakini ndani mna nani? Mlikuwa na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo, na JS Saoura ya Algeria. Simba walianza vizuri mwezi wa Januari 2019 kwa kuifunga Saoura 3-0 Dar es Salaam. Kisha wakaenda Kinshasa, wakafungwa 5-0. Kisha wakaenda Misri, wakafungwa tena 5-0. Mabao 10 katika safari mbili! Watani wao hawakulala usiku kwa kicheko. Hata baadhi ya mashabiki wa Simba wenyewe walisema heri wangebaki nyumbani na ligi yao kuliko kwenda kuaibika.

Lakini wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku 10 baada ya kipigo cha Misri, Al Ahly hao hao walikuja Dar es Salaam, na Simba wakawafunga 1-0. Walipokwenda Algeria walishindwa 2-0. Ikabaki siku ya mwisho. Saoura walikuwa na pointi 8, Al Ahly 7, Vita 7, na Simba 6. Tazama ajabu hiyo: aliye mkiani angeweza bado kupita, na aliye juu angeweza kutoka. Simba wakawafunga Vita 2-1, bao la ushindi likipatikana dakika za mwisho kabisa, na Al Ahly wakawafunga Saoura. Simba wakapita kwa pointi 9, nafasi ya pili.

Sasa hesabu mabao yao katika kundi lile: walifunga 6, walifungwa 13. Timu iliyofungwa zaidi ya mara mbili ya ilivyofunga imepita! Kwa nini? Kwa sababu kufungwa 5 hupoteza pointi 3, na kufungwa 1 hupoteza pointi 3 vile vile. Aibu ya kipigo kikubwa imo moyoni. Katika jedwali la pointi ni mchezo mmoja tu. Baadaye TP Mazembe waliwatoa katika robo fainali kwa jumla ya mabao 4-1. Lakini mafanikio yale yaliisaidia nchi kupata nafasi 4 za vilabu katika mashindano ya Afrika ya msimu uliofuata, badala ya 2. Mlango uliofunguliwa na mmoja wakaupitia na wengine.

Wala hadithi haikuishia kwa Simba. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba wakafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Wote wawili walishindwa, lakini hakuna tena asemaye kwamba hawakustahili kuwako.

TIMU YA TAIFA

Taifa Stars nayo imepita njia hiyo. Tanzania ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Nigeria, enzi za timu 8, kisha haikurudi kwa miaka 39. Mwaka 2019 fainali zilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, nasi tukaingia baada ya kuifunga Uganda 3-0. Tulipangwa na Senegal, Kenya na Algeria, tukashindwa michezo yote 3. Wengi walisema tumekwenda kushindikiza. Lakini kumbukeni fainali ya mwaka ule ilikuwa kati ya nani na nani: Algeria na Senegal. Tulikuwa tumepangwa na bingwa na makamu wake kwa pamoja.

Katika fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024 tulifungwa na Morocco 3-0, tukatoka sare na Zambia na Kongo. Pointi 2, nasi tukawa wa mwisho. Katika zile zilizoanza Morocco Desemba 2025 tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare na Uganda na Tunisia. Pointi ni zile zile 2, lakini safari hii zilitosha kutupitisha kati ya washindi wa tatu walio bora. Tulitolewa na wenyeji, Morocco, kwa bao 1-0. Pima mwendo huo: mara ya kwanza pointi 0, mara ya pili 2, mara ya tatu tumevuka kundi.

WENZETU WA MAREKANI

Huko Marekani wana mpira wao, si huu wa kwetu, nao huchezwa na vyuo vikuu mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2024 ligi zao kubwa zilipanuka: iitwayo Big Ten ikawa na vyuo 18, na iitwayo SEC ikawa na vyuo 16. Lakini msimu wao wa kawaida una michezo 12 tu. Katika ligi ya vyuo 18, chuo hucheza na wenzake 9 tu. Basi chuo kimoja chaweza kupangiwa wakubwa watupu, na kingine kikakwepa nusu yao, kisha wote wakapimwa katika msimamo mmoja. Ndiyo maana mashabiki wa kule siku ratiba inapotoka huisoma kama matokeo ya mitihani. Malalamiko yao yana msingi kuliko yetu, kwa kuwa katika Ligi Kuu yetu kila mtu humkuta kila mtu, na katika kundi la shule yetu vile vile.

JIBU LANGU

Kwa wazazi nasema hivi: michezo ni 15 kama mwaka jana, Jumatano na Jumamosi jioni. Hakuna saa hata moja ya masomo iliyochukuliwa. Ila mtoto wa kutwa atachelewa kufika nyumbani siku ya mchezo wake. Ndiyo maana michezo yao tumeiweka Jumamosi, wapate kuondoka jua lingali juu.

Kwa wenye mabweni nasema: ni kweli njia imekuwa nyembamba. Lakini ubingwa wa timu 6 katika shule yenye timu 8 ulikuwa ubingwa wa nusu nyumba. Mkiutwaa sasa, hakuna atakayewauliza, "Je, na wale wa kutwa?"

Na kwako, nahodha, nasema: yawezekana kabisa mtafungwa 5. Mimi siwezi kukuahidi vingine, kwa maana mabingwa wale nimewaona wakicheza. Lakini mkifungwa 5 mtakuwa mmepoteza pointi 3, na mtabakiwa na michezo 2 yenye pointi 6. Msipoingia, mtakuwa mmepoteza pointi zote 9 bila kufungwa hata bao moja. Na wadogo zenu wa Kidato cha Kwanza, ambao nao hutembea asubuhi na umande, watakuta mlango umefungwa tena, safari hii kwa mikono yenu wenyewe. Kuufungua kumechukua miaka mingi ya maombi. Maji mmekwisha kuyavulia nguo.

Orodha ya majina ya wachezaji yatakiwa mezani kwangu kabla ya Jumatano. Nimeacha nafasi 18 tupu katika karatasi yenu.